Kifimbo cha Melkizedek

Melkizedek alikuwa na mke mmoja na trekta moja, na kwa wivu aliokuwa nao juu ya hao wawili, watu wa Chanzuru walibaki kubishana ni yupi aliyempenda zaidi. Yudith, mkewe, hakubishana na mtu. Mungu hakuwajalia mtoto, na mwanamume asiye na mtoto lazima apate kitu cha kuosha Jumamosi jioni. Melkizedek aliosha trekta.

Lenyewe lilikuwa kuukuu kuliko Yudith, la kijivu, masalio ya mashamba ya mkonge, limepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia Melkizedek. Lilikuwa refu kidogo kuliko matrekta mengine ya aina yake, kama shubiri moja hivi, kwa sababu katikati ya injini na giaboksi palikuwa na kasha la chuma ambalo mengine hayana. Kashani humo mlitoka kifimbo kifupi, upande wa kushoto, chini ya goti la dereva, na kichwa chake kilisuguliwa na kiganja hadi kikang'aa. Hakuna aliyeuliza kile ni nini. Trekta la mtu halipekuliwi, na la Melkizedek ndiyo usiseme, maana hakuwahi kumpa mtu mwingine usukani.

Ilikuwepo ibada yake moja ambayo Yudith aliipenda kuliko zote. Kutoka nyumbani kwao barabara ya vumbi huteremka hadi kwenye lami. Kila Melkizedek alipokwenda Kilosa mjini, au mbali zaidi hadi Mikumi kupeleka matofali ya wanaojenga nyumba za wageni, alikuwa akifika ukingoni mwa lami anasimamisha trekta kabisa. Anainama hadi kofia inamfunika uso, mkono wa kushoto umeshuka kwenye kifimbo, anakaa hivyo kidogo, kisha anainuka na kuondoka. Akirudi, anapoiacha lami kuingia kwenye vumbi, anafanya hivyohivyo. Yudith, binti wa katekista, aliyelelewa kwa kuombea hata kikombe cha chai, alimwona akifanya hivyo kwa mara ya kwanza yeye akiwa amekaa kwenye tela juu ya matofali, na moyo wake ukajaa.

"Umeshasali?" alimuuliza.

Melkizedek aligeuka, akamtazama, akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Nimeshasali. Twende."

Basi ikawa ndiyo desturi yao. Yeye anainama, mke nyuma anafumba macho na kuitikia amina. Hata siku ambazo Yudith alibaki nyumbani, alikuwa akisikia mngurumo ukishuka ule mteremko, unatulia, halafu unapanda tena kwa sauti nyingine, naye palepale jikoni anasema amina yake. Jioni anangoja mtulio wa pili, wa kushukuru, ndipo anapakua chakula.

Januari ile Melkizedek alirudi kutoka Mikumi na homa. Yudith alisikia trekta likija kwenye lami, akatega sikio apate kusikia likitulia, na halikutulia. Lilikata kona likapanda moja kwa moja hadi uani, kwa kasi ambayo kuku hawakuizoea. Melkizedek alizima injini akabaki ameegemea usukani. Ilibidi jirani aitwe kumteremsha. Kabla wiki haijaisha walimzika, na Yudith akabaki na kitu ambacho hakumwambia hata mchungaji: kwamba mumewe alimaliza safari ya mwisho bila kushukuru. Hilo lilimla kuliko kifo chenyewe.

Kule milimani alikozaliwa Yudith, bibi yake alimfundisha kwamba chombo cha marehemu hukaa kama mkono wake ulivyokiacha hadi siku ya kuondoa tanga, ambayo kwao hungoja masika ipite. Jembe likiegemea ukuta, linaegemea. Kisu kikiwa kwenye ala, hakichomolewi. Ni namna ya kumwambia aliyekwenda kwamba bado hatujafuta alama zako. Kwa trekta hilo halikuwezekana lote, kwa sababu ya jambo alilokuja nalo Evance.

Evance alikuwa mpwa wa Melkizedek, mtoto wa dada yake. Kwa watu wa ukoo ule mtoto ni wa upande wa mama, na ardhi ya mjomba humfuata mpwa. Yudith aliolewa akilijua hilo. Lakini shamba la bondeni, lile la udongo mweusi karibu na mto, walilifyeka wawili, yeye na mumewe, wakati lilikuwa matete matupu na nguruwe pori. Ndani yake mlikuwa na ujana wake wote.

Evance hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu ulipo. Ubaya ungekuwa rahisi kuuchukia. Alikuja, akaamkia shikamoo, akakaa, akaangalia chini.

"Mama, mimi sikufukuzi. Nimewasemesha wazee wamekubali. Ukililima shamba masika hii, litakuwa lako maisha yako yote, hakuna atakayekuuliza. Ila likikaa pori masika nzima, watasema halina mwenyewe, na mimi sitakuwa na la kuwajibu."

"Nitalilima," Yudith alisema. "Trekta si lipo?"

Akamwita Elia, binamu yake, aliyekuwa amestaafu udereva wa matrekta kwenye mashamba ya miwa. Elia alilizunguka trekta, akapanda, akagusa kila kitu kwa heshima ya mtu aliyeingia chumba cha mwenzake. Alipofika kwenye kifimbo Yudith alimzuia.

"Hicho kina kazi gani, kaka?"

Elia aliinama akakitazama. "Hizi nimeziendesha nyingi, dada. Hazina kitu hiki. Kitakuwa kimepachikwa tu."

"Basi kama hakina kazi, kiache hapohapo kilipo. Ndipo mkono wake ulipokuwa akisali."

Wakakubaliana hivyo, watu wazima wawili wenye akili zao. Usukani utazungushwa, kwa kuwa lazima uzungushwe, injini itawashwa, fimbo kubwa ya gia itatumika. Kile kidogo kitamngoja mwenyewe hadi tanga liondolewe. Yudith alichana kipande cha kaniki aliyokuwa amejifunga akakifungia kifimbo palepale kwa mafundo mawili, kikibaki kimetazama mbele kama kilivyoachwa.

Mvua za kwanza zikanyesha. Ardhi ikalainika, na Elia akashuka na trekta bondeni, plau nyuma, Yudith akifuata kwa miguu na chupa ya chai. Plau ikazamishwa. Trekta likaruka mbele kwa pupa, kana kwamba lina haraka ya kwenda mahali, likavuta hatua chache, likaguna, likatoa moshi mweusi, likazimika.

Elia alijaribu tena kwa gia namba moja, ndogo kuliko zote. Likazimika. Akainua plau ikwangue juujuu, na hapo trekta likaenda, lakini liliacha nyuma michirizi ambayo hata kuku angeiona aibu. Akizamisha tu, linazimika. Ikafika mchana klachi inanuka kuungua, Elia amelowa jasho, na chai imepoa kwenye chupa bila kuguswa.

"Mwaka jana lililima hapahapa," Yudith alisema. "Nilikuwepo. Lilikuwa linatembea polepole, linapasua udongo kama mkate."

"Mwaka jana lilikuwa na nguvu. Sasa hivi linakimbia tu, halivuti. Injini imechoka, dada."

Akaletwa fundi kutoka Magomeni ya palepale Kilosa, Herman, kijana mpole anayeimba kwaya. Alifungua pua za dizeli akazisafisha, akabadilisha chujio, akasikiliza injini kwa bisibisi iliyokandamizwa sikioni. Uso wake ulionyesha kwamba alichosikia hakilingani na alichoambiwa. "Injini mbona ni nzima," alinong'ona peke yake. Macho yake yakashuka kwenye lile kasha la chuma, akafuata kwa kidole herufi zilizozama chini ya rangi, kisha mkono wake ukaenda kwenye kifimbo.

"Usiguse hapo," Yudith alisema.

"Samahani, mama. Nilitaka kujua kazi yake."

"Hakina kazi. Marehemu alikuwa anakishika wakati wa kusali."

Herman aliurudisha mkono mara moja. Akavua na kofia. Angekuwa fundi mwenye adabu mbovu, mmoja wa hawa wanaotukana vyuma na wenye vyuma, angekivuta tu na mambo yangeishia pale. Lakini alikuwa mtoto wa watu, kalelewa vizuri, na malezi mazuri nayo yana siku zake za kuua. Akasema labda ni kompresheni, injini haibani hewa vizuri, akafunga mkoba wake akaondoka, na kwa siku kadhaa, ilisemekana, hakuwa na raha.

Mvua zikaendelea kushuka. Akamjia Budeba, mfugaji wa kule Magole aliyewahi kumuuzia Melkizedek tela, akasema ana maksai wanne na plau, dada Yudith akiridhika atamlimia. Yudith aliridhika kabla hajamaliza sentensi. Wazee wa ukoo ndio hawakuridhika. Ng'ombe waliwahi kula mahindi yao bonde zima, na walishaapa kwamba kwato hazitakanyaga tena ardhi ile, ziwe za maksai au za malaika. Evance aliwabembeleza hadi akakemewa.

Ukabaki mkono. Yudith alikwenda na jembe alfajiri kwa alfajiri. Udongo mweusi ulishika jembe ukaling'ang'ania. Alilima kiasi cha ukumbi wa nyumba, akageuka, akakuta alipolima juzi pameota. Viganja vilichubuka, vikapona, vikachubuka juu ya makovu. Katikati ya shamba trekta lilikuwa limesimama lilipozimikia mara ya mwisho, magurudumu yamezama, kitambaa cheusi kimelowa, na jioni moja mama yule mpole alilisogelea akalipiga teke.

"Umeondoka na nguvu zake?" alilia. "Umeona usiende mikono mitupu? Mimi umeniachia nini, Melki? Hata kushukuru hukushukuru, sasa adhabu naitumikia mimi!"

Huko kijijini wengine walishasema hivyohivyo, kwamba trekta limemfuata mwenyewe. Yudith aliyekuwa akiwacheka watu wa namna hiyo alianza kuwaamini. Mtu aliyekata tamaa haulizi maelezo yametoka wapi.

Masika ikakatika. Wazee wakashuka bondeni, wakaona ukumbi wake wa mahindi katikati ya pori, wakatikisa vichwa. Walisema maneno mazuri, kwamba wameona jitihada yake. Shamba likarudi kwa ukoo, na ukoo ukampa Evance, ambaye alipokea huku akilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli.

Trekta nalo Yudith hakuweza tena kulitazama. Budeba alilinunua kwa bei ya chuma chakavu, zaidi kwa kumwonea huruma. Kabla hawajalivuta kwa kamba kwenda Magole, Yudith alifungua kile kitambaa kwa meno, fundo lilikuwa limekaza, akalitupia trekta kisogo.

Vuli ilipoanza, asubuhi moja alikuwa anachambua mboga uani aliposikia mngurumo. Mkono wake ulisimama. Mtu aliyeishi na sauti miaka yote ile haihitaji kuitazama aijue. Ilitoka bondeni, nzito, ya taratibu, isiyokatika. Yudith aliacha mboga, akajifunga khanga, akashuka.

Trekta la kijivu lilikuwa linalima shamba lake. Evance alikuwa amelikodi; kwato zilikatazwa, magurudumu hayakukatazwa. Lilitembea polepole, plau imezama hadi mwisho, na udongo mweusi ulilala upande mmoja baada ya mwingine ukimeremeta. Juu yake alikaa Amos, mtoto wa Budeba. Alipomwona mama amesimama mwishoni mwa mtaro alisimamisha trekta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Limepona?"

"Halikuwa linaumwa, mama. Mashine ni moto hatari." Amos alicheka, akapiga kiganja ubavuni mwa trekta. "Sisi wenyewe tulijua ni skrepa. Siku moja nikaona hiki kifimbo, nikasema mtu hawezi kuweka fimbo ya pili bila sababu. Nikakirudisha nyuma. Kuwasha, likavuta hadi kisiki!"

Yudith alikitazama kifimbo. Amos, kama vijana wote waliogundua jambo, hakuhitaji kuulizwa.

"Hii ni ovadraivu, mama. Si ya kiwandani, kuna mtu aliipachika baadaye, ndiyo maana hata trekta ni refu. Kifimbo kikiwa mbele, ni mwendo wa barabara: magurudumu yanakimbia ila nguvu hamna. Kikiwa nyuma, ni mwendo wa shamba. Mzee alikuwa amekiacha mbele. Nadhani alitoka safari."

"Alitoka Mikumi."

"Ee, si unaona? Kwenye lami kinasaidia sana. Ila masharti yake ni kwamba huwezi kubadilisha linatembea, meno yatasagika. Lazima usimame kabisa, ukanyage klachi, uiname kidogo maana kiko chini. Kikikataa unakibembeleza, kinaingia."

"Lazima usimame," Yudith alisema.

"Lazima, mama."

"Na kuinama."

"Na kuinama, ndiyo."

Yudith alikaa chini, palepale kwenye udongo uliopinduliwa. Amos alimuuliza kama anaumwa, akamwambia hapana, endelea na kazi, mvua haimsubiri mtu. Trekta likaondoka.

Watu husema majuto ni mjukuu. Ya Yudith hayakuwa na subira ya kungoja ukoo wa namna hiyo, yalimfikia mazima, yote kwa pamoja. Miaka yote ile alikuwa akiitikia amina kwa giaboksi. Melkizedek alijua anachodhani mkewe, akacheka puani, akasema nimeshasali, twende, kwa sababu utani ulikuwa mtamu na hakuona ubaya wake. Neno moja tu, siku yoyote kati ya siku zote zile, kwenye tela, kitandani, mezani: mke wangu, ile ni gia. Yudith alimkasirikia marehemu hadi meno yakamgongana. Kisha akakumbuka ile jioni ya homa, trekta lililopanda bila kutulia, na hasira ikamwishia ikamwacha na kitu kibaya zaidi. Mumewe hakumkosea Mungu. Alikuwa mgonjwa tu. Hakuwa na nguvu ya kuinama. Na yeye aliyempenda ndiye aliyeulinda udhaifu ule wa mwisho kwa kitambaa na mafundo mawili, akawafukuza waliotaka kuusahihisha, mmoja baada ya mwingine, hadi shamba likaisha.

Je, katika mara zote hizo hakusali hata mara moja? Labda alisali. Labda kifimbo kikikataa alisema Bwana nisaidie, kama dereva yeyote. Hakuwepo tena wa kumuuliza.

Trekta lilikwenda likarudi. Nyuma yake plau ilikuwa imefukua mizizi ya majani ya sangari, myeupe, mirefu, ile ambayo isipookotwa mapema huota upya. Kila mwaka Yudith ndiye aliyefuata nyuma ya plau akiiokota. Mikono yake ilianza kabla yeye hajaamua. Aliinama, akaokota, akatupa kando, akasogea, akaokota. Alikuwa amefika katikati ya mtaro, khanga imejaa, alipomsikia mtu akimwita kutoka ukingoni. Alikuwa Happyness, mke wa Evance, ameshika sufuria ya uji wa vibarua. Yeye na Yudith walikuwa wameonana mara moja tu, msibani, kati ya wanawake wengi waliojifunika, na mbele yake sasa palikuwa na mama mtu mzima mwenye udongo hadi magotini, ambaye hakumtambua.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba."

"Pole na kazi, mama yangu. Ila usijichoshe, vibarua wa leo tumeshapata, wametosha." Alisema kwa upole kabisa, na akammiminia uji kikombe kimoja ili asiondoke hivihivi. "Kama unaweza, njoo kesho mapema."

Yudith aliutazama uji, akautazama na mtaro, mahali mizizi ilipokuwa haijaokotwa.

"Nitakuja," alisema.